NANI ASEMAYE JUU YA PICHA? Kampuni Ndogo za Filamu za Hali Halisi Mjini Goma

1.0 Utangulizi

Historia ya filamu katika nchi zetu imezoeleka kuandikwa kama historia ya kamera: nani aliileta, mwaka gani, na alipiga picha zipi. Makala haya yanapendekeza njia nyingine. Yanauliza ni nani aliyesema juu ya picha hizo, kwa lugha gani, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kulibadili neno lake. Mfano wetu ni kampuni ndogo zinazojitegemea ambazo zimekuwa zikitengeneza filamu za hali halisi mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa filamu za hali halisi tunakusudia zile zinazoonyesha watu wenyewe na mahali penyewe, wala hazitumii waigizaji.

Uwanja wetu hasa ni Birere, sehemu kongwe ya biashara ya mji huo, iliyo ubavuni mwa mpaka wa Rwanda. Husimuliwa kwamba jina lake limetokana na majani makavu ya mgomba, ibirere kwa Kinyarwanda, yaliyotumika kujengea vibanda vya kwanza. Vibanda vya siku hizi ni vya mbao na mabati, navyo vimesimama juu ya mawe meusi ya lava. Mpigaji filamu wa Goma hufika Birere kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndiko zinakopatikana betri, nyaya na kadi za kumbukumbu. Ya pili ni kwamba ndiko waliko watu wenye la kusema.

Hoja yetu ni hii: uhuru wa kampuni ndogo ya filamu haupimwi kwa kumtazama mwenye kamera tu. Hupimwa pia, na pengine zaidi, kwa kumtazama mwenye neno la mwisho juu ya tafsiri. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi suala hili si la mafundi wa picha peke yao, bali linatuhusu sisi tunaofundisha na kuchunguza Kiswahili.

2.0 Mfasiri kando ya shuka

Filamu ilipowafikia watu wa Kivu haikufika peke yake. Ilifuatana na msemaji. Chini ya utawala wa Kibelgiji, kuanzia mwaka 1945, sheria ilikataza Waafrika kuonyeshwa filamu isipokuwa zile zilizokubaliwa na kamati ya udhibiti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuonyesha filamu, na hata ya kuzitengeneza kwa ajili ya wenyeji, iliangukia mikononi mwa serikali na wamisionari. Huko Bukavu Mapadre Weupe walikuwa na kituo kilichoitwa Africa Films, ambamo Padre Roger De Vloo alifanya kazi. Francis Ramirez na Christian Rolot, katika kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya sinema ya kikoloni nchini Zaire, Rwanda na Burundi, wameieleza kwa kirefu sinema hiyo na nia yake ya kufunza: usafi, kazi, ndoa ya Kikristo na utii.

Lakini picha zilihitaji maelezo. Katika maonyesho mengi ya misheni palikuwa na mtu aliyesimama kando ya shuka jeupe, akawaeleza watazamaji kwa lugha yao yale waliyokuwa wakiyaona. Msomaji ataona mara moja uzito wa nafasi hiyo. Padre alichagua filamu, lakini mfasiri ndiye aliyechagua maneno. Aliweza kulainisha onyo, kuongeza methali, au kutia mzaha ambao mwenye mashine hakuuelewa. Hata katika sinema iliyodhibitiwa kwa sheria, palikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi, na mlango huo ulikuwa lugha.

Jambo hili halikuwa la Kongo pekee. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la Waingereza la kutengeneza filamu za elimu kwa Waafrika. Filamu 35 zilitengenezwa, na maelezo yake yakarekodiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha zikatembezwa katika makoloni kadhaa. Tofauti kati ya santuri na mtu aliyesimama kando ya shuka ni kubwa. Santuri husema neno lile lile kila mahali, wala haijibu swali. Vugiri walijaribu kuifunga ile njia ambayo maonyesho ya misheni yaliiacha wazi.

Mfano mmoja zaidi wa enzi hiyo unamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Mwaka 1955 André Cauvin alitoa filamu juu ya ziara ya Mfalme Baudouin katika Kongo, akaiita Bwana Kitoko. Jina la utani alilopewa mfalme kijana lilikuwa kwanza Mwana Kitoko, yaani kijana mzuri. Wakubwa waliona kwamba halimfai mfalme kuitwa mwana, na hivyo mwana akageuzwa kuwa bwana. Sauti moja tu ilibadilishwa, /m/ ikawa /b/, na utani wa watu ukawa heshima ya kiserikali. Jina la filamu lilionekana kuwa sauti ya Wakongo, ilhali lilikuwa limekwisha kusahihishwa.

3.0 Goma machoni pa wageni

Goma yenyewe iliingia katika filamu kwanza kwa sababu ya mlima wake. Haroun Tazieff alifika Nyiragongo mwaka 1948, na mwaka 1966 ikatoka filamu yake Le Volcan interdit, inayohusu volkano hiyo. Volkano ilikuwa maarufu katika sinema za Ulaya kabla ya sauti ya mkazi yeyote wa mji ulio chini yake kusikika humo.

Mwezi wa Julai 1994 kamera zilirudi kwa wingi mno. Katika siku chache mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika makambi. Televisheni za dunia zilikuwapo. Tukizitazama taarifa hizo leo, twaona mpango wa sauti unaojirudia: mwandishi wa habari anaeleza, mfanyakazi wa shirika la misaada anathibitisha, na mkimbizi au mwenyeji anapita nyuma yao. Akisema, sauti yake hupunguzwa baada ya neno la pili na ya mfasiri ikapanda juu yake. Hatusemi kwamba taarifa hizo zilikuwa za uongo. Twasema kwamba mamilioni ya watu walilijua jina la Goma bila ya kuwahi kusikia sentensi nzima kutoka kinywa cha mtu wa Goma.

Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 vilifuata, na kundi la RCD likaifanya Goma makao yake makuu. Kisha, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuliunguza eneo la biashara, Birere ikiwamo. Watu wapatao 120,000 waliachwa bila makazi. Wengi walirudi siku chache baadaye, mawe yakiwa bado moto, wakaanza kujenga juu yake. Kamera za wageni zilipiga picha za moto, kisha nyingi zikaondoka. Kazi ya kujenga upya ilichukua miaka, nayo ilihitaji kamera zisizoondoka.

4.0 Kuzaliwa kwa kampuni ndogo

Mambo mawili yaliwezesha kamera hizo kuwapo. La kwanza ni la ufundi. Kanda ndogo za dijiti zilizoingia sokoni mwaka 1995 ziliwezesha mtu mmoja kupiga picha na kunasa sauti, kisha kuhariri kwa kompyuta ya kawaida. La pili ni la watu. Katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne, mwongozaji wa Kikongo Petna Ndaliko Katondolo alianzisha kampuni ya Alkebu, jina lililotokana na Alkebulan, ambalo baadhi ya watetezi wa Uafrika hulitumia kuliita bara letu. Alianzisha pia Yole!Africa, kituo cha sanaa mjini Goma ambamo vijana wamefundishwa kupiga picha, kuhariri, kucheza na kuimba. Kutoka katika mazingira hayo likazaliwa tamasha lililoitwa Salaam Kivu, ambalo baadaye lilichukua jina la Tamasha la Kimataifa la Filamu la Kongo. Yafaa kuangalia jina lile la kwanza. Tamasha la kimataifa, katika nchi ambayo shughuli rasmi huendeshwa kwa Kifaransa, lilichagua kumsalimu mgeni kwa Kiswahili.

Filamu za Ndaliko Katondolo zinaonyesha swali la sauti likikomaa. Jazz Mama ya mwaka 2010 inawahusu wanawake wa Kongo na ukatili wanaotendewa, lakini imekataa kuwafanya wahanga tu. Inawaonyesha pia kama nguzo za jamii, wenye maneno na maoni yao. Kapita ya mwaka 2020 imerudi kwenye picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni na kuzisoma upya. Picha zilizopigwa kwa nia ya kutawala zimepewa maana nyingine na mtu ambaye wapigaji wake hawakumtarajia kuwa msemaji.

Suala la fedha nalo limeandikwa. Chérie Rivers Ndaliko, katika kitabu chake Necessary Noise cha mwaka 2016, ameonyesha jinsi fedha za mashirika ya misaada zinavyoweza kuielekeza sanaa ya Kongo ya Mashariki, hata msanii akajikuta anaimba au anapiga picha za yale ambayo mfadhili alikwisha kuyaandika katika mradi wake.

Mwaka 2020 Mholanzi Joris Postema alitoa filamu Stop Filming Us, iliyopigwa Goma. Swali lake lilikuwa la uaminifu: je, mtu wa Magharibi anaweza kuionyesha Goma bila ya kurudia mazoea ya zamani? Wasanii na waandishi wa habari wa Goma walibishana naye mbele ya kamera yake mwenyewe. Mwaka 2022 ikatoka Stop Filming Us But Listen, ya Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa. Wakongo hao wawili walizitumia picha zilizopigwa kwa ajili ya filamu ya kwanza, wakazipanga upya na kutia hoja yao. Hapa hoja yetu inapata ushahidi usiotegemea nadharia. Picha zinatoka katika chungu kimoja, lakini filamu ni mbili. Kilichobadilika ni nani anayepanga na nani anayesema. Hata jina la filamu ya pili linaongeza kitenzi kimoja tu kwa ile ya kwanza: sikilizeni.

5.0 Kazi ya kila siku

Mtu asiyezijua kampuni hizi huenda akadhani kwamba kazi yake kubwa ni kupiga picha. Sivyo. Kampuni ya namna hii huwa ni watu wachache katika chumba kimoja au viwili, na kila mmoja ana kazi zaidi ya moja. Anayeongoza ndiye anayeshika kamera. Anayenasa sauti ndiye anayetafuta gari. Anayehariri ndiye anayekwenda kununua mafuta ya jenereta umeme unapokatika. Siku ya kupiga picha hutanguliwa na siku nyingi za kutafuta vibali, kwani katika mji uliopita katika vita vingi kamera ni kitu cha kutiliwa shaka, na karatasi iliyokubaliwa na ofisi moja hukataliwa na nyingine.

Birere ina taabu yake maalumu, nayo ni kelele. Redio, honi za pikipiki, wapiga debe, magurudumu ya mbao ya chukudu juu ya mawe: vyote hivyo huingia katika maikrofoni kwa nguvu sawa na neno la mtu anayehojiwa. Dawa yake ni kusogea karibu. Mtu hawezi kunaswa vizuri kutoka ng'ambo ya barabara. Ni lazima uketi naye, karibu na kinywa chake, na ili uketi hivyo ni lazima akukubali. Kwa hiyo ubora wa sauti katika filamu ya Birere ni kipimo cha uhusiano kati ya mpigaji na mpigwa. Picha waweza kuiiba kutoka dirishani mwa gari, lakini sentensi nzima haiibiki.

Baada ya hapo huja kazi ndefu kuliko zote, nayo ni unukuzi na tafsiri. Saa moja ya mazungumzo huhitaji saa nyingi za kusikiliza na kuandika, hasa ambapo msemaji anaanza kwa Kiswahili, anapitia Kifaransa akitaja bei, anamjibu jirani kwa Kinyarwanda au Kinande, na kumalizia kwa Lingala akimtania askari. Mara nyingi kazi hii hupewa kijana kuliko wote katika kampuni, kwa sababu haionekani kuwa ya heshima. Na bado ni yeye anayeamua, kabla ya mwongozaji na kabla ya mhariri, kile ambacho mtu amesema.

Kuhusu riziki, kampuni hizi huishi kwa filamu za namna mbili. Kuna filamu za kuagizwa, ambazo shirika fulani huzilipia ili zionyeshe mradi wake, na kuna filamu za wenyewe. Za kwanza hulipa kodi ya chumba. Za pili hutengenezwa usiku, na siku zinazobaki. Si haki kuwalaumu kwa hilo: mkulima naye hulima shamba la mwenye nyumba ili apate mbegu za shamba lake. Lakini mipaka ya mashamba haya mawili haiko wazi daima, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

6.0 Sentensi moja ya Birere

Mwaka 2017, alipokuwa bado mwanafunzi wa licence, mwandishi wa makala haya aliajiriwa kwa wiki chache na kampuni moja ndogo ili anukuu na kutafsiri mahojiano ya filamu ya kuagizwa. Mmoja wa waliohojiwa alikuwa mama muuza maharagwe, ambaye nyumba yake iliteketea katika mwaka 2002. Alihojiwa akiwa ameketi juu ya lava iliyoifunika nyumba hiyo, mahali alipokuwa amejenga kibanda chake upya. Alisema:

Moto ilikulaka nyumba, fasi haikukula.

Tukiiandika kwa Kiswahili sanifu, sentensi hii ingekuwa: moto uliila nyumba, mahali haukupala. Lakini usanifishaji huo unapoteza mambo. Kiambishi -ka katika ilikulaka huashiria, katika Kiswahili cha Kongo, wakati uliopita wa mbali. Mama huyo alikuwa ameliweka tukio mbali nyuma yake, kama jambo lililokwisha. Fasi ni zaidi ya mahali kwa maana ya kijiografia. Ni nafasi ya mtu, sehemu anayostahili kuwapo. Aidha, vishazi hivi viwili vimepangwa kwa kinyume: katika cha kwanza nyumba imefuata kitenzi, katika cha pili fasi imetangulia, ili mkazo uangukie kwenye kile kilichosalia. Hayo si makosa ya mtu asiyejua Kiswahili. Ni usanii wa msemaji anayekimiliki Kiswahili chake.

Tafsiri tuliyoitoa kwa Kifaransa ilifuata maneno yake: moto ulikula nyumba, haukula mahali. Ilienea vizuri katika mistari miwili inayoruhusiwa chini ya picha. Shirika lililoagiza filamu, baada ya kuiona, liliomba ibadilishwe, kwa kuwa watazamaji wa ng'ambo wasingeielewa. Maneno yaliyopendekezwa badala yake yalikuwa na maana ya: nilipoteza kila kitu.

Hatuna haja ya kuongeza hasira zetu hapa. Inatosha kulinganisha. Mama alisema kwamba kuna kitu ambacho moto haukukipoteza. Maandishi chini ya uso wake yalisema kwamba moto ulipoteza kila kitu. Hii si tafsiri hafifu. Ni kinyume cha alichosema. Kampuni ilikubali, kwa sababu sehemu ya mwisho ya malipo ilikuwa haijatolewa na kodi ya chumba ilikuwa imechelewa. Aliyeyaandika maneno hayo kwa mkono wake katika kompyuta ni mwandishi wa makala haya.

Miezi michache baadaye kampuni hiyo iliionyesha filamu hiyo katika ua mmoja wa Birere, juu ya shuka lililotundikwa ukutani, bila ya maandishi ya chini, kwani hapo hayakuhitajika. Mama aliposema sentensi yake, watazamaji waliitikia kwa sauti, na mzee mmoja aliyekaa nyuma akairudia polepole: fasi haikukula. Filamu ilikuwa moja, lakini ilikuwa imeishi maisha mawili. Katika ua ule ilikuwa filamu ya watu waliobaki. Ng'ambo ilikuwa filamu ya watu walioangamia.

7.0 Majirani wanafundisha nini

Je, hali hii haiepukiki? Mifano kutoka kwa majirani zetu inaonyesha kwamba inaepukika, kwa njia zaidi ya moja.

Nchini Tanzania, Flora M'mbugu-Schelling alitoa mwaka 1992 filamu These Hands, inayowaonyesha wanawake, wakimbizi kutoka Msumbiji, wakivunja mawe kwa nyundo karibu na Dar es Salaam. Filamu hiyo ya dakika 45 haina msimulizi. Tunasikia nyundo, watoto na nyimbo za kazi. Mwongozaji alilitatua suala la tafsiri kwa kukataa kumweka mtu mwingine juu ya wanawake wale. Ni njia ya ujasiri, ingawa haimfai kila mtu, kwani wako watu ambao kusema ndiyo kazi yao ya kujikomboa.

Nchini Kenya, Maia Lekow na Christopher King, mume na mke wenye kampuni yao ndogo, walitoa mwaka 2019 filamu The Letter, juu ya bibi mzee wa pwani anayetuhumiwa uchawi na baadhi ya jamaa zake. Walitumia miaka kadhaa pamoja na ukoo huo, na watu wanasikika wakisema Kigiriama na Kiswahili chao. Hapa dawa ilikuwa muda. Mwenye haraka hutafsiri maana ya jumla. Mwenye muda hutafsiri sentensi.

Katika Kongo yenyewe, Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa mwaka 2020 En route pour le milliard. Filamu hiyo inawafuata wahanga wa vita vya siku sita vya Kisangani, vilivyotokea Juni 2000, wanaposafiri kwa mto hadi Kinshasa kudai fidia. Hamadi hushika kamera mwenyewe, na watu wake hubishana, huimba na hukosoana kwa lugha zao, bila ya mtaalamu wa kuwaeleza. Filamu iliteuliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes la mwaka huo. Kwa hiyo dai kwamba watazamaji wa ng'ambo hawaelewi isipokuwa wamerahisishiwa halina msingi.

Tukumbuke pia kwamba yule mfasiri wa kando ya shuka hajafa. Katika vibanda vya video vya Tanzania alijulikana Lufufu, aliyewasimulia watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka wetu, nchini Rwanda, filamu zilizosimuliwa hivyo huitwa agasobanuye. Watu wetu hawaogopi tafsiri, wala hawaogopi tafsiri yenye ubunifu. Wanachokidai ni kwamba mfasiri asimame mahali wanapoweza kumwona na kumpinga. Maandishi ya chini ya picha hayana uso. Mama wa Birere hakupata nafasi ya kuyapinga, kwa sababu hakuyaona.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya filamu za hali halisi huko Kivu ni historia ya kugombea neno lililo juu ya picha, na baadaye lile lililo chini yake. Kampuni ndogo za Goma zilishinda nusu ya pambano zilipoishika kamera. Nusu ya pili iko katika unukuzi na tafsiri, nayo inatuhusu sisi.

Kwanza, kanda na nakala za unukuzi zilizo katika kampuni hizi ni hazina ya Kiswahili cha Goma. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini Kiswahili chetu cha mashariki kimedharauliwa mara nyingi kwa jina la Kingwana na kurekodiwa kidogo. Hazina hiyo iko hatarini. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na tarehe 27 wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waliamriwa kuhama mara moja. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulitwaliwa na M23. Uwanja wa ndege na mabenki yakafungwa. Katika saa kama hizo mtu hubeba mtoto, godoro na sufuria. Diski ya miaka 10 ya mahojiano haina mbebaji, isipokuwa nakala yake iwe imekwisha kupelekwa mahali pengine.

Pili, idara zetu zingeweza kuupokea unukuzi wa mahojiano hayo kuwa kazi halali ya kuhitimu. Mwanafunzi angejifunza fonolojia na sarufi kutoka kwa watu hai, na kampuni ingepata tafsiri iliyofanywa kwa uangalifu. Hapa pana sharti lisilovunjwa: katika mji wa vita, sauti ya mtu yaweza kumletea madhara. Pasiwekwe chochote bila ya idhini ya msemaji, na majina yafichwe panapohitajika.

Tatu, mikataba ya filamu za kuagizwa iwe na kifungu kinachosema kwamba maandishi ya chini ya picha hayabadilishwi bila ya ridhaa ya mfasiri aliyemsikia msemaji. Kifungu hicho hakimgharimu mfadhili fedha yoyote. Kinamdai tu akubali kwamba aliyehojiwa anajua alichosema.

Mwandishi alirudi Birere mara kadhaa baada ya mwaka 2017, lakini hakumkuta tena yule mama wa maharagwe, wala hakuweza kumwomba radhi. Makala haya yamechelewa, lakini angalau sentensi yake sasa imeandikwa kama alivyoisema: moto ilikulaka nyumba, fasi haikukula.